Weka Chini

Machi 4, Jumapili

Shajara hii hugawiwa bure na duka la chakula cha mifugo. Kila mwaka naiandika mpaka katikati ya Januari, kisha inageuka kuwa kitu cha kuwekea kikombe. Nimeirudia kwa sababu hakuna pa kwenda. Ugonjwa wa miguu na midomo umefika bonde la pili. Brenda amefunga lango kwa mnyororo, akatandaza majani makavu njiani na kuyamwagia dawa mpaka yakawa kama uji. Tarishi anaacha barua ndani ya ndoo. Nilipotoka kuichukua bila kukanyaga dawa nilifokewa kama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Nimekwenda hatua mbili tatu tu, mke wangu."

"Na huo ugonjwa unajua kuhesabu?"

Majike wote wa kondoo tumeshawashusha, wako kwenye malisho ya chini ya nyumba wakingoja kuzaa. Kule mlimani hakuna ua wala ukuta. Kila jike anajua mwisho wa malisho yake kwa kuwa alionyeshwa na mama yake, na mama alionyeshwa na nyanya, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa watu tusiojua hata walivyoitwa. Kondoo wa kununua ukimpandisha kule, jioni yake ameshateremkia upande wa pili na kwenda zake. Hasara tumeizoea, tunalala nayo kitanda kimoja. Lakini hawa wakifa, mlima unabaki bila anayeujua.

Machi 9, Ijumaa

Mvua ya mawe. Isaac Birkett, jirani yetu ng'ambo ya kijito, amepiga simu kuniarifu kwamba ameutazama ukuta wangu kwa darubini na unafanana na meno ya marehemu shangazi yake. Isaac ni mjane wa miaka sabini na kitu. Tangu nirithi shamba hili kwa baba hajapata kunisifu kwa lolote. Huniita kijana. Nina miaka hamsini na minne, magoti ya kukodi na kitambi cha kwangu mwenyewe.

Machi 14, Jumatano

Kaja daktari wa mifugo wa kutukagua. Wa kwetu hawatoshi, wameitwa hata wa nchi za mbali. Huyu ni Mbaski kutoka Hispania, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkamuaji, jina lake Itziar. Alisugua buti mpaka nikaona aibu ya buti zangu. Akafungua midomo ya kondoo mmoja mmoja kama mama anayetafuta peremende iliyofichwa. Hakuna kitu. Nikapumua.

Ndani haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Brenda alimletea chai langoni. Kiingereza chake anakipita polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

"Bwana Relph, nina swali, si la kondoo."

"Uliza tu."

"Asubuhi ofisini wameniambia, weka chini jina lako hapa. Nikaandika. Wakauliza, ndege yako imeweka chini saa ngapi? Nikajibu. Kisha mkubwa ameweka chini simu, akasema kwa huzuni, wamewaweka chini ng'ombe wote wa bwana fulani. Nikauliza, wamewaweka chini wapi? Watu wote wakatazama viatu vyao."

Sisi tuna *put down*, weka chini, maneno mawili ambayo mtoto huyajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, nayo tumeyatwisha kila mzigo kama punda wa kijiji. Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka leo.

"Wamewaua," Brenda alimwambia.

"Lakini mna neno la kuua. Shuleni nilifundishwa."

"Tunalo," nikasema. "Ila hatulitumii kwa wanyama tunaowapenda."

Akanitazama kama aliyeonyeshwa dalili ya ugonjwa mpya. Brenda akamwahidi kwamba kila akija atapewa maana moja na kipande cha keki ya tangawizi.

Machi 17, Jumamosi

Itziar amerudi. Midomo yote safi. Maana ya leo: kumweka mtu chini, yaani kumpunguza mbele za watu mpaka alingane na kinyesi cha kuku. Mfano ulihitajika, na mfano ukajitokeza wenyewe ng'ambo ya kijito.

"Edwin! Huyo daktari akimaliza kondoo akupime na wewe! Unatembea kama jike mwenye mimba ya mapacha!"

"Ndiyo hiyo," Brenda akasema. "Kama hujaielewa ngoja, atarudia."

Itziar alicheka, kisha akamjibu Isaac kwa Kibaski, sentensi moja ndefu yenye mikono. Isaac akavua kofia. Sijapata kumwona akivua kofia hata mazikoni.

Machi 22, Alhamisi

Majike wetu wadogo wa mwaka jana, wale tunaowapeleka nyanda za chini kila majira ya baridi wapate majani, wameuawa leo. Hawakuwa wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wa shamba linalopakana na malisho yao ya huko. Aliyepiga simu alikuwa na sauti ya heshima, akasema wamewekwa chini asubuhi bila usumbufu wowote. Brenda akamshukuru. Kisha akaenda kumenya viazi, akamenya vya watu kumi.

Tumebaki na mama zao tu.

Machi 23, Ijumaa

Viazi tena.

Machi 30, Ijumaa

Upepo umegeuka. Moto wa kuchomea mizoga ya waliouawa uko mbali, lakini Brenda ameanua nguo zikinuka nyama choma. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla akili haijafika tumbo lilisema lina njaa.

Aprili 6, Ijumaa

Wa kwanza amezaliwa, mweusi tititi kama wanavyozaliwa wote kwetu. Ukijivu watauokota uzeeni, kama mimi. Nimemwambia Brenda ana macho ya baba yangu. Amesema ana akili zake pia, ameshindwa kuliona titi.

Aprili 8, Jumapili

Wanazaa mfululizo. Sina muda.

Aprili 12, Alhamisi

Jike mmoja mwenye sikio lililopasuka amezaa mfu. Amesimama juu yake tangu alfajiri akimlamba na kumwita. Nimezoea mengi, hilo silizoei.

Isaac alipiga simu kuulizia hali, maana yake kuuliza kama bado najua kushika kondoo kwa upande ulio sahihi. Nikamweleza habari za jike.

"Mimi nina yatima," akasema. "Mama yake kafa jana."

"Pole."

"Ndiyo hivyo." Akaweka chini simu bila kuaga.

Huku kwetu mwenye yatima na mwenye jike aliyefiwa hawaombani. Yatima hupelekwa. Hakuna bei wala asante, mwaka mwingine ni zamu yako. Lakini mwaka huu ukivusha hata paka unaweza kusimamishwa mahakamani.

Aprili 13, Ijumaa Kuu

Asubuhi, kwenye pengo la ukuta wangu ule wa meno mabovu, nimekuta gunia limefungwa kwa kamba ya buluu ya Isaac. Ndani yake mwanakondoo anatetemeka.

Nilisimama pale nikijua kabisa la kufanya. La kufanya ni kumrudisha, au kummaliza papo hapo na kuwaarifu watu wa ofisi ya mifugo kwa simu. Nyuma yangu jike analia. Nikampenyeza ndani ya koti.

Nilimchuna yule mfu ngozi kama mtu anavyovua soksi, nikaacha matundu ya miguu, nikamvalisha yatima ili jike anuse harufu ya mtoto wake. Ilimpwaya, akaonekana kama mtoto aliyepelekwa shule na koti la kaka yake. Jike akamnusa mkia. Akanusa tena. Kisha akatoa ile sauti ya chini ambayo hawampi mwingine ila mtoto wao, na mdogo akapiga magoti chini ya kiwele.

Brenda alikuja na ndoo. "Huyo katoka wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta hauzai, Edwin."

Nikamwonyesha kamba. Aliitazama kwa muda, akaitia ndani ya jiko ikaungua. "Miaka yote hii," akasema, "siku anayochagua kuwa mwema ndiyo hii."

Aprili 16, Jumatatu

Nimemvua yatima lile koti la ngozi, hana haja nalo tena. Itziar alikuja, akapita katikati ya watoto, akawasifu. Brenda aliongea kuliko kawaida yake, akatoa maana mbili kwa siku moja. Ya pili ilikuwa kumweka mtoto chini, yaani kumlaza. Itziar akasema ana binti wa miaka mitatu huko kwao, analelewa na bibi, halali mpaka mama aimbe kwenye simu.

"Basi unamweka chini kutoka huku?" Brenda akauliza.

"Kila siku, mama Brenda."

Nilikata keki.

Aprili 20, Ijumaa

Isaac kwenye simu: "Kijana, wanakondoo wangu wanaanguka. Ananyonya, anaruka, anaanguka kafa. Hawana hata kidonda."

"Baridi hiyo, mzee."

"Baridi naijua tangu hujazaliwa." Akapumua. "Yule je?"

"Mzima. Ananyonya kama mlevi."

"Vizuri," akasema. "Umefanya vizuri, kijana."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Aprili 23, Jumatatu

Ni ugonjwa wenyewe. Amekuja daktari mwingine kwa Isaac, kwa sababu Itziar akigusa wagonjwa hataruhusiwa kutukaribia. Kuanzia mchana tumesikia bastola. Haina mlio mkubwa, kama mtu anayefunga milango mingi ndani ya nyumba kubwa. Brenda alifungua redio. Kisha akaifunga, akasema ni utovu wa adabu.

Tuliongea jikoni. Sheria inataka mifugo ya majirani wote iuawe. Lakini Itziar aliwahi kutuambia: palipo na kijito, na uwanja mtupu katikati, na kama hakuna mnyama aliyevuka, anaweza kuomba kondoo wapimwe damu kwanza, na wangoje majibu wakiwa hai.

"Atauliza," nikasema.

"Na wewe utajibu," Brenda akasema. "Mimi nitakuwa nimeshika birika."

Aprili 24, Jumanne

Ilinyesha manyunyu. Itziar hakutaka keki. Alisimama upande wa pili wa lango, kofia ya koti kichwani.

"Edwin, sasa nauliza kwa kazi. Tangu mwezi wa tatu, kuna mnyama yeyote amevuka kutoka kwa Isaac kuja hapa?"

Nilitazama malishoni. Wapo wote, mama na watoto, na yule wa sikio lililopasuka amelala na wake ubavuni. Niliwaza kwamba wangekuwa wagonjwa wangekuwa wameshaonyesha dalili. Niliwaza juu ya mlima. Niliwaza pia, kwa kuwa mimi si mpumbavu kama ninavyojisingizia, kwamba mwezi ujao wangepanda kuchanganyika na kondoo wa bonde zima.

"Hakuna," nikasema.

"Una hakika?"

Sauti yake ilikuwa ya upole sana. Brenda alikuwa anatazama ndani ya birika kana kwamba kuna samaki.

"Nina hakika."

"Haya," akasema. Akasugua buti kwa muda mrefu, akaondoka.

Aprili 25, Jumatano

Amri imekuja. Wote. Kesho. Hakuna kupima kwanza. Nilipiga simu nikapayuka kuhusu kijito na uwanja mtupu. Aliyenisikiliza akasema anaelewa. Wote wanaelewa, ndiyo kazi yao.

Aprili 26, Alhamisi

Niliwakusanya mwenyewe. Sikutaka mgeni awafukuze. Hakukuwa na shida: nilitikisa ndoo, wakaja, wakidhani ni chakula, na watoto wao wakiruka pembeni kwa furaha ya bure waliyo nayo. Niliwahi kuwa na aibu nyingi maishani, nyingine hata mbele ya askofu. Hakuna iliyofanana na ile ndoo.

Itziar alikuja na wanaume wawili. Aliomba kuja yeye. Alivua glavu, akanishika mkono.

"Edwin, leo nitawaua kondoo wako. Nataka nikwambie hivyo. Lile neno lenu sitaliweza."

"Sema unavyotaka, dada."

"Kwa lugha yangu kazi hii ina jina moja tu."

Wakubwa kwa bastola, watoto kwa sindano. Alikuwa akimshika kila mtoto kifuani kwake, kidole kikitafuta moyo, akinong'ona kitu. Sijui kama ni wimbo wa binti yake. Sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa kumshika jike kidevu atulie, na wakatulia, kwa kuwa walinijua. Yule wa sikio lililopasuka alifika karibu na mwisho. Alikataa kumwacha mtoto atangulie, ikabidi tuwapeleke pamoja. Brenda alitoka ndani akaja kumshika huyo yeye mwenyewe, na aproni yake ya jikoni.

Walipomaliza, wale wanaume wawili walivua kofia. Mmoja alikuwa analia, mtu mnene kama mimi, akajifuta kwa mkono wenye damu akajichafua uso wote, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Itziar alichukua damu ya kupima. Ni utaratibu, akasema, hata sasa. Kesho anahamishiwa jimbo jingine. Brenda alimpa keki nzima, imefungwa kwa karatasi. Hawakusemezana. Walikumbatiana kwenye majani yaliyolowa dawa, na ovaroli na kila kitu.

Aprili 27, Ijumaa

Niliamka mapema kuwatazama. Tabia.

Mei 3, Alhamisi

Hakuna.

Mei 11, Ijumaa

Majibu ya damu. Wetu walikuwa safi. Wote, wakubwa kwa watoto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ugonjwa huo.

Brenda aliuliza, "Na yule?" Nikasema na yeye. Akakaa juu ya kreti la viazi, akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Jioni aliosha birika, kikombe kwa kikombe, na vyombo vyote vilivyokuwa visafi.

Isaac hapokei simu. Moshi wa jiko unaonekana kwake, kwa hiyo yuko hai.

Mei 27, Jumapili

Masharti yamelegezwa. Baada ya chakula Isaac akaja langoni kwa miguu yake, amevaa suti ya mazishi ya mkewe. Alikanyaga dawa, akarudi nyuma, akaikanyaga tena. Amekonda. Nilingoja anitukane nipate kupumua, hakunitukana. Tukamkaribisha jikoni.

"Majibu yalikuja?" akauliza.

"Zamani. Walikuwa safi, Isaac. Hata yule wako. Mtoto wako alikuwa mzima wa afya. Kwa hiyo usilale macho kwa ajili yake."

Nilidhani nampa zawadi. Nilikuwa nimeipanga kabisa hiyo sentensi, hata nimeifanyia mazoezi bandani. Akaweka mikono mezani, akaitazama.

"Basi ni mimi," akasema.

"Nimekwambia siyo—"

"Acha niseme, kijana. Nilimpigia simu yule binti, daktari wenu. Ile siku yangu, Jumatatu, kabla hawajaanza. Nilimwambia nimevusha mwana kwako na jike wako amemkubali. Nikasema wewe hukuomba, nilimtua tu ukutani. Nilifikiri mwezi wa tano utawapandisha mlimani, na bonde zima liko kule juu." Akameza mate. "Angekuwa mgonjwa ningekuwa nimefanya sawa. Kwa kuwa alikuwa mzima, ni ulimi wangu uliowaua."

Brenda alikuwa anamimina chai. Akaacha kumimina.

"Jumatatu, Isaac? Si Jumanne?"

"Jumatatu. Ningeisahauje?"

Hasira ilikuwa imeshapanda mpaka shingoni, na nilikuwa na haki nayo, nadhani. Kisha nikaiona Jumanne. Manyunyu, kofia ya koti, ile sauti ya upole. Alikuwa anajua. Alikuja langoni akijua, akaniuliza ili niseme mwenyewe.

"Aliniuliza mara mbili," nikasema.

"Nani?" Isaac akauliza. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hakuna."

Isaac alinitazama. Mtu huyu amenitukana kwa ajili ya kuta, mbwa, uzio, mwendo, na namna ninavyoimba kanisani. Leo nilikuwa nimempa la kustahili. Akashusha macho.

Brenda akamsogezea kikombe. "Kunywa, Isaac, chai inapoa. Wewe angalau ulisema." Hakunitazama aliposema hivyo, wala hakukuwa na ukali ndani yake. Kisha akanimiminia na mimi.

Mei 31, Alhamisi

Brenda ameipata namba ya Itziar, ameiandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya simu. Hakusema ni ya nini.

Juni 1, Ijumaa

Nimepiga. Alipokea yeye, akasema haloo, nani mwenzangu, kwa kile Kiingereza chake cha mawe ya kijito, na nyuma yake kulikuwa na kondoo wa mtu wakilia. Akasema tena haloo. Akangoja, kama alivyoningoja langoni Jumanne ile.

Nikakata.

Nitampigia kesho. Jana pia niliandika hivyo, kisha nikafuta.